Tochi ya Mzamiaji: Maswali ya Wasomaji kutoka Malindi na Lamu

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni kijana wa Shela, hapa Malindi, na kwa miaka sita nimekuwa baharia katika mashua zinazowapeleka wageni kwenye matumbawe. Mwaka jana nilimaliza mafunzo ya kuzamia kwa mtungi wa hewa, na msimu huu mwalimu wangu ameniruhusu kuanza kuzamia usiku. Kuhusu tochi, kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja ameniambia ninunue ya lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) elfu tano kwenda juu, mwingine amenisihi nisiiguse ya betri za kuchaji, na mtandaoni nimeona moja inayoenea kiganjani, imeandikwa lumeni 100,000 na namna saba za kuwaka, tena bei yake ni ya chini kuliko zote. Sina kamera wala sitaki makeke. Nataka tochi itakayowaka nikiiwasha na isiyozimika kabla sijaizima. Niichague vipi? (Baharia, Shela, Malindi)

JIBU: Ndugu baharia, hayo maneno yako ya mwisho yameeleza tochi ya mzamiaji vizuri kuliko maboksi yote niliyowahi kuyasoma madukani, nami nitakujibu kwa kuyafuata hayo hayo.

Zamani, tochi zilipokuwa na balbu za waya, mtu alikuwa na haki ya kuihofia balbu, kwa kuwa waya ule ulikatika kwa kugongwa tu kwenye ubavu wa mashua. Balbu za LED zimeiondoa hofu hiyo karibu yote. Siku hizi tochi ikizimika chini ya maji, ama imeingiwa na maji, ama swichi yake imekwama, ama betri imekwisha au haishiki sawasawa kwenye vyuma vyake. Kwa hiyo unapoishika dukani usianze kwa kuuliza ina ukali gani. Uliza ina matundu mangapi. Kifuniko cha betri, kitufe, tundu la kuchajia, kila kimoja ni mlango, na bahari haichoki kubisha hodi.

Hodi hiyo si ya mzaha. Kila mita kumi unazoshuka huongeza kanieneo ya kama kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba. Chukua tochi yenye kioo cha upana wa sentimita nne, uishushe mita 40, ambao ndio mwisho wa kina cha wazamiaji wa kujifurahisha: kioo hicho peke yake kitakuwa kimekaliwa na uzito wa kama kilo 50, yaani mfuko mzima wa saruji. Ndiyo maana maandishi ya IP68, ambayo tarakimu yake ya mwisho huonyesha uwezo wa kuzuia maji, yasikutoshe peke yake. Tarakimu ya 7 mahali hapo humaanisha mita moja kwa dakika 30 tu, na tarakimu ya 8 humaanisha zaidi ya hapo, lakini ni mtengenezaji mwenyewe anayetaja ni zaidi kiasi gani. Tafuta kina kilichotajwa kwa mita, na hata kama wewe unaishia mita 18, chagua iliyotajiwa mita 100, kwa sababu mpira huzeeka na kioo hukwaruzika, nawe unataka akiba.

Sasa tuje kwenye swichi, ambapo ndipo hasa penye uamuzi. Tochi sahili kuliko zote ni ile inayowashwa kwa kuzungusha kichwa: ukikikaza, vyuma vinagusana na taa inawaka, ukikilegeza kama nusu mzunguko, inazimika. Haina kitufe wala tundu jingine lolote. Mlango ni mmoja, na bawabu wake ni pete ya mpira, ile mafundi wanayoiita oringi, na zikiwa mbili zilizofuatana ni bora zaidi. Ina kasoro moja ya kujihadhari nayo, kwamba huko kuzungusha ndiko pia kufungua, na mtu mwenye pupa akilegeza kupita kiasi akiwa mita 15 chini atakuwa ameikaribisha bahari ndani kwa mkono wake. Tena tochi iliyolegezwa kidogo mno yaweza kujiwasha yenyewe kwa kusukumwa na maji, uione inawaka mfukoni ilhali ulitaka kuhifadhi betri. Dawa ya yote mawili ni hiyo moja: iwashe ukiwa ukingoni mwa mashua kabla ya kujitupa, iache iwake, na uizime ukisharudi juu. Ukihitaji giza, ibane kifuani.

Aina ya pili ni ya sumaku. Nje ya tochi pana pete inayozungushwa au kidude kinachosukumwa, ndani yake mna sumaku, na swichi yenyewe iliyo ndani huihisi sumaku hiyo kupitia ukuta wa tochi pasipo kutobolewa popote. Ni ufundi mzuri na mimi mwenyewe ninayo moja. Lakini mchanga hupenda kujipenyeza chini ya pete ile, na zile chembe nyeusi zenye chuma huing'ang'ania sumaku, kiasi kwamba usipoisuuza kwa maji baridi kila siku itaanza kukwaruza na mwishowe haitageuka. Pia usiishike karibu na dira yako, kwani sumaku haijali nani anatafuta kaskazini.

Ya tatu ni ya kitufe, na hapa nitakuwa mkali. Kitufe cha mkiani chenye kofia laini ya mpira, kama cha tochi za walinzi wa usiku, kiache kwa walinzi. Maji hukibonyeza kabla hujakibonyeza wewe, na ukishafika chini huwezi tena kukiachilia. Zipo tochi nzuri za vitufe vya elektroniki zilizotengenezwa kwa ajili ya kuzamia, ila nyingi huja na hizo namna zako saba za kuwaka, na kwa hilo nina kisa. Usiku mmoja nilitaka kuupunguza mwanga ili nimtazame mkunga aliyetoa kichwa pangoni. Nikabonyeza mara moja, ukapungua. Nikabonyeza tena kuurudisha, nikazidisha, tochi ikaanza kumetameta kwa kasi. Mwenzangu aliyekuwa umbali wa mita kumi hivi alichoona ni mwanga wa mtu aliye taabani. Akanijia mbio, akanishika mtungi kwa nyuma, akaanza kunipandisha. Tulipotoa vichwa juu ilinichukua muda kumweleza kwamba sikuwa na tatizo lolote isipokuwa kidole gumba. Chini ya maji mwanga ndio ulimi wetu: ukichora duara polepole mchangani unasema u salama, ukiupeleka huku na huku kwa haraka unaomba msaada. Tochi yenye namna moja ya kuwaka, au zikizidi sana mbili tu, haitakusemea usilolisema.

Kuhusu lumeni, tupige hesabu pamoja. Balbu nyeupe za LED zilizo bora hutoa kama lumeni 150 hadi 200 kwa kila wati moja. Lumeni 100,000 zingehitaji wati 500 au zaidi. Betri moja nzuri ya lithiamu ya saizi ya 18650, ambayo ndiyo inayoenea kiganjani, hubeba nishati ya kama wati 12 kwa muda wa saa moja. Kwa hiyo tochi yako ya mtandaoni, kama ingesema kweli, ingekwisha ndani ya dakika moja na nusu, na kwa joto ambalo lingekutaka uitupe kabla ya hapo. Kwa hiyo haisemi kweli, na anayedanganya kwenye lumeni hana sababu ya kuwa mkweli kwenye oringi. Watengenezaji waangalifu hutaja kuwa wamepima kwa utaratibu wa FL1 uliotoka Marekani mwaka 2009. Hata hapo ujue kwamba muda wa kuwaka unaotajwa huhesabiwa mpaka mwanga ubaki sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo, kwa hiyo tochi iliyoandikwa saa nne huenda ikawa nzuri kwa saa mbili tu na kibatari kwa saa mbili nyingine. Kwa safari zako za dakika 45 au 50, lumeni 500 hadi 1,000 za kweli, zinazodumu saa moja na nusu, zinakutosha na kubaki.

Muhimu kuliko wingi wa mwanga ni umbo la mwale, na hili linatuhusu sana sisi wa Malindi. Mto Sabaki unamwaga maji yake kaskazini mwa mji, na unajua rangi yake mvua inapokuwa imenyesha bara. Wakati wa kusi udongo ule husukumwa kwenda mbali nasi, lakini kaskazi inapoingia, yaani majira yale yale tunayopendelea kuzamia, maji yake huletwa kusini hadi kwenye matumbawe ya hifadhi yetu. Katika maji ya namna hiyo mwale mpana huangaza kila chembe iliyo mbele ya uso wako, nawe huoni kitu ila ukungu mweupe, kama dereva aliyewasha taa kali ndani ya vumbi. Mwale mwembamba, wa nyuzi kumi hivi, hupenya. Tena mwenzako huuona kutoka mbali kama fimbo na kujua ulipo. Miale mipana ya nyuzi mia na zaidi ni ya wapiga picha, nawe umesema huna kamera.

Hata mchana utaona faida yake. Maji humeza rangi nyekundu kwanza, na ukipita mita tano hivi kila kitu huanza kuwa cha buluu na kijivu. Elekeza tochi chini ya jiwe na ghafla sponji iliyokuwa kama majivu inakuwa nyekundu kama pilipili. Kule Watamu watu huitumia kuchungulia mapango ya tewa, ambaye husimama kizani bila kutikisika mpaka umdhanie jiwe. Usiku, lakini, uwe na adabu. Tumezoea kusema mtu amelala usingizi wa pono, na ukimkuta pono mwenyewe amejibana mwambani, baadhi yao wakiwa wamejifunika utando wa ute, utaelewa waliotangulia walikuwa wameona nini. Usimmulike machoni. Mpitishie pembeni ya mwale, umtazame, uende zako.

Kwa mwili wa tochi sina ubishi mkubwa. Plastiki ngumu haipati kutu na ni nyepesi. Alumini hupoza balbu vizuri zaidi, lakini chumvi ikikaukia kwenye meno ya kifuniko hukishikamanisha mpaka utafute koleo. Yoyote utakayochagua, iwe na tundu la kufungia kamba ya mkononi.

Na zinunue mbili. Fedha uliyoiwekea tochi moja kubwa igawanye, upate mbili ndogo za aina moja, zinazotumia betri za aina moja, ya pili ikae mfukoni mwa jaketi. Wanaoingia mapangoni hubeba tatu, na hawafanyi hivyo kwa kupenda mzigo. Siku ya kwanza usiishushe ikiwa na betri: itoe, weka ndani karatasi shashi iliyokunjwa, ifunge, ishuke nayo mchana katika safari ya kawaida. Ukirudi ifungue ukiwa umeikausha mikono na nje yake. Karatasi ikiwa na doa hata dogo kama punje ya mchele, irudishe dukani siku hiyo hiyo.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa Mkomani, Lamu. Mwanangu huzamia kwa pumzi tu, usiku, kutafuta kamba, na kwa miaka mingi ametumia tochi ya dukani aliyoizungushia vipande vya mpira wa tyubu. Shemeji yake wa Mombasa amemletea tochi halisi ya kuzamia, ya betri ya kuchaji. Ile betri iliyokuja nayo ilidumu vizuri, ikapotea. Ameinunua nyingine iliyoandikwa 9900, ambayo ni mara tatu ya ile ya kwanza, lakini haimalizi hata nusu saa. Fundi anasema tochi imeharibika. Je, ni kweli, na je, arudie ile ya tyubu? (Mama wa Mkomani)

JIBU: Wa alaykumu salaam, mama yangu. Tochi haina kosa. Aliyekosa ni aliyeandika ile 9900, yaani kipimo (mAh) cha umeme ambao betri hubeba. Betri za saizi ya 18650, zenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, zikiwa bora kabisa hubeba kama 3,500. Zaidi sana ya hapo ni wino tu. Mara nyingi ndani ya ganda hilo huwa mmewekwa betri chakavu iliyotolewa kwenye kompyuta, au kijibetri kidogo na nafasi iliyobaki ikajazwa unga ili isisikike tupu.

Njia ya kuzitambua ni rahisi, na Lamu mna vifaa vyake. Mwambie aipeleke kwa sonara aiweke kwenye mizani ya fedha. Betri halisi ya saizi hiyo huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Ikija gramu 30 au pungufu, amenunua ganda. Namuonea huruma aliyemuuzia, kwani huenda naye alidanganywa, lakini hilo halirefushi usiku.

Nikiwa mimi, kwa mtu anayeishi kisiwani ningemtafutia tochi inayotumia betri za AA, zile ndogo za redio, ambazo hata duka la mwisho wa kichochoro halizikosi, na umeme ukikatika jioni hakuna safari inayovunjika. Zina masharti yake. Asichanganye mpya na kuukuu, wala za aina mbili, kwa sababu iliyo dhaifu hulazimishwa na zenzake na kuanza kuvuja. Asiziache ndani ya tochi msimu mzima wa kusi wakati hazamii, kwani maji yake makali hula vyuma. Zipo AA za kuchaji ambazo hutoa volti 1.2 badala ya 1.5 za kawaida. Tochi nyingi huzikubali, lakini asome kwanza maelezo yaliyokuja na tochi.

Ama ile ya tyubu, sitaidharau. Nimewahi kuishika moja: tochi ya plastiki, kioo kimezibwa kwa gundi kuzunguka ukingo, na juu ya swichi mpira umepitishwa mara tano au sita kwa kuvutwa sana, ncha ya mwisho ikachomekwa chini ya tabaka zilizotangulia bila fundo. Mkono uliofanya kazi ile ulijua unachofanya. Kwa mtu anayeshuka pima mbili na kurudi kuvuta pumzi, nayo ikizimika yuko juu baada ya sekunde chache, inafaa. Haifai kwa mtungi wa hewa hata siku moja, na hata kwake yeye, kama ile halisi anayo, basi tyubu iwe ya akiba.

SWALI: Tochi yangu imeingia maji jana usiku. Nimeiona ina ukungu kwenye kioo na maji kidogo yanachezacheza ndani. Niifanyeje? Huwa naipaka mafuta ya nazi kwenye mpira kila mara, kwa hiyo sielewi. (Mzamiaji, Malindi)

JIBU: Kwanza usiifungue ikiwa imeelekea usoni pako, wala pa mtu mwingine. Maji ya chumvi yakikutana na betri hutoa gesi, na gesi ile ikiwa imefungiwa ndani ya mwili usiopitisha hewa hujaa kwa nguvu inayoweza kurusha kichwa cha tochi kama kizibo. Itoe nje uani, ielekeze kioo kwenye mchanga au ukuta, funika kwa taulo nene, legeza polepole robo mzunguko kwa robo mzunguko, na ukisikia mlio wa hewa simama mpaka unyamaze.

Ikishafunguka, isuuze ndani na nje kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara mbili au tatu, kisha iache kivulini ikiwa wazi kwa siku mbili. Vyuma vya betri visugue kwa kitambaa chenye siki kidogo, uvisuuze tena na kuvikausha. Nyingi hupona.

Mafuta ya nazi huenda ndiyo yaliyokuponza. Hayalainishi mpira kwa muda mrefu. Huganda, hunata, na kukusanya mchanga, na punje moja ya mchanga, au unywele mmoja uliolala juu ya oringi, ni mfereji tosha kwa maji ya mita 20. Mafuta ya kujipaka nayo yaache, kwani yatokanayo na petroli huvimbisha baadhi ya mipira. Tumia grisi ya silikoni inayouzwa madukani kwa vifaa vya kuzamia, isipokuwa kama oringi yenyewe ni ya silikoni, hapo fuata aliyoyaeleza mtengenezaji. Itoe oringi kwa kuibana kwa vidole mpaka ijikunje, uikamate mkunjo. Usiichokoe kwa sindano wala ncha ya kisu. Ifute, pitisha kidole polepole kuizunguka yote, na ukihisi mkato au bapa, itupe. Grisi iwe kidogo, kiasi cha kuufanya mpira ung'ae tu. Kifuniko kifunge kwa nguvu za vidole, si za koleo.

Kama betri iliyokuwemo ni ya lithiamu, usiichaji tena, hata ikikauka na kuonekana nzima. Iweke ndani ya kopo lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na makuti, mpaka utakapoipeleka kwa wanaopokea betri zilizoharibika.